Shikamoo Yenye Moto

Shume, Lushoto
Jumapili, 9 Juni 1974

Mwanangu Kresensia,

Ni miaka miwili na miezi mitano tangu niondoke nyumbani, na kesho asubuhi na wewe unaondoka. Nimekaa nje ya kibanda chetu, juu ya gogo, kwa sababu ndani Zuberi anakaanga vitunguu na moshi unanikohoza. Zuberi ndiye ninayekaa naye chumba kimoja. Ukungu umeanza kushuka kutoka msituni na vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa baridi, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa. Nitaandika mpaka nisione mstari.

Najua barua hii haitakukuta nyumbani. Itakufuata kwenye kambi ya jeshi kwa anwani uliyoniandikia, na ukiisoma labda utakuwa umeshazoea gwaride na kulala bweni moja na wasichana usiowajua. Mambo ya sabuni, blanketi, na nani wa kukaa karibu naye kwenye lori, mama yako ameshakuambia, tena amerudia. Namjua. Mimi nina jambo moja. Uliniandikia kwamba huko kambini hata wasichana wanafundishwa kulenga shabaha, na kwamba unaogopa kidogo, lakini nisimwambie mama. Sijamwambia. Na mimi nina langu ambalo sijamwambia. Huku nami nafundishwa. Baba yako, mtu wa msumeno, amepewa bastola.

Zuberi alipoisikia habari hii aliweka sufuria chini.

"Otmari, binti yako anakwenda kushika bunduki kusini, wewe umeshika bastola kaskazini. Mnataka kutuzingira?"

"Geuza vitunguu vyako," nikamwambia, "vinaungua."

"Naviacha viungue. Sitaki kubishana na mtu mwenye silaha."

Ilikuja hivi. Hapa kwenye kiwanda cha mbao kuna stoo ya baruti, ile ya kupasulia mawe barabara za msituni zinapofunguliwa. Mlinzi wa zamani alikuwa na rungu na koti zito, basi. Alipozeeka akarudi kwao, wakubwa wakaamua kwamba baruti isilindwe tena na rungu. Wakatafuta mtu asiyekunywa, asiyegombana, na asiye na ndugu huku wa kuja kumwomba funguo. Mgeni kama mimi nilifaa. Na mganga wa zahanati alikuwa ameshanionya kuhusu vumbi la mbao lililonijaa kifuani. Alisema, "Baba, ukiendelea na msumeno mwaka huu, mwakani usije kwangu." Bwana mmoja anayesimamia stoo alikuwepo pale, akalisikia neno hilo, akanisemea kwa mkuu wa kiwanda.

Kwa hiyo nilijua ninachokipigania. Nikiizoea bastola, natoka kwenye vumbi, naandikwa kazi ya kudumu na napata likizo ya kuja kuwaona. Nisipoizoea, narudi kwenye msumeno na kikohozi changu, na kibarua hana likizo. Sikumwandikia mama yako kwa sababu angeanza kuomba rozari kwa ajili ya kifua changu na bastola kwa pamoja, asilale.

Uwanja wa shabaha ni shimo la zamani la kokoto, nyuma ya kitalu cha miche ya paini. Mbele kuna ukuta wa udongo mwekundu. Tunasimamisha mabanzi, vile vipande vya pembeni vyenye magome vinavyobaki gogo likipasuliwa, na juu yake tunachora duara kwa mkaa. Anayenifundisha ni Koplo Shemdoe, askari mstaafu, mtu mfupi anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Hapigi kelele. Ungedhani askari lazima apige kelele, lakini huyu anasema taratibu kama anayekueleza bei ya viazi.

Bunduki niliyoijua mimi ni gobori la babu yako, lile la kufukuzia nguruwe. Unalikumbuka lilivyokuwa likining'inia juu ya meko. Gobori ukishalipiga limekwisha, linabaki bomba la chuma. Unaweza kukaa chini ukavuta tumbaku, ukapiga hadithi, ndipo ulishindilie tena. Hii bastola haiko hivyo. Risasi ziko ndani ya mpini, zimepangana kwenye kisanduku chembamba wanachokiita magazini. Ukifyatua moja, chuma cha juu kinarudi nyuma chenyewe, kinatupa ganda nje, kinapandisha risasi nyingine na kufunga. Yote hayo kabla hujafumbua macho. Nasema kufumbua kwa sababu nilikuwa nayafumba.

"Otmari," Koplo aliniuliza siku ya kwanza, "unalenga nini?"

"Lile duara, Afande."

"Duara liko kule kwenye banzi. Wewe umepiga upande wa Lushoto. Wakija kutuuliza, utajibu mwenyewe."

Mwanangu, ilinitia aibu. Mimi ni mtu ambaye gogo likiwa linateremka kilimani naweza kusimama pembeni na ndoano yangu ya magogo bila kutetemeka, na gogo hilo likikupata halibakizi kitu. Lakini kile kichuma kidogo kilichoenea kiganjani kilinishinda. Kinapiga teke. Harufu yake ni ya kiberiti na mafuta mapya. Ganda linaruka likiwa la moto, na moja liliniingia ndani ya kola nikacheza ngoma pale mbele ya Koplo. Yeye alinisubiri nimalize kucheza, akasema, "Haya. Mdomo wa bastola ulikuwa unatazama wapi ulipokuwa unacheza?" Nilikuwa sijui.

Siku nyingine alikuja na risasi za mti. Alizichonga kiwandani kwa mti mgumu, akazichanganya na za kweli ndani ya magazini bila mimi kuona. Nikainua, nikalenga, nikavuta triga. Kimya. Lakini mkono wangu uliruka chini kana kwamba umechapwa.

"Umeona?" akasema Koplo. "Hakuna kilichokupiga. Umejipiga mwenyewe."

"Nilidhani italia, Afande."

"Ndiyo. Unaogopa mlio ambao bado. Mlio ukija kweli, mkono wako umeshakimbia."

"Sasa nifanyeje?"

"Vuta polepole mpaka usijue italia wakati gani. Ikikushtua, ujue umepiga vizuri."

Basi nikawa najizoeza. Jioni nanyoosha mkono huku nimeshika kikombe cha chai kimejaa, kisimwagike, na Zuberi ananiambia, "Askari, chai inapoa." Kiwandani wakati wa mapumziko navuta kidole polepole bila kitu. Wenzangu walidhani nina kiharusi. Lakini ilisaidia. Wiki iliyofuata matundu yalianza kuhamia kwenye banzi, halafu ndani ya duara. Nilianza kuota mchana nikiwa nimeshuka Mombo na sanduku langu, nangoja basi la kuelekea kwetu.

Sasa nikueleze lililotokea, na kabla yake nikueleze habari ya Mzee Singano, maana bila yeye hutaelewa.

Mzee Singano ni mkulima wa kabichi na viazi pembeni ya msitu. Ni mzee wa msikitini, ndevu zake nyeupe, mgongo umenyooka kama mti wa bendera. Mimi safari hii nilianzia chini, Mazinde, kwenye mkonge. Kule joto ni kali na watu wametoka pande zote, tunapitana kila mmoja na mzigo wake, hakuna salamu ya maana. Nilipopanda huku milimani nikitafuta kazi ya mbao nilikuja na tabia hiyo. Siku za mwanzo nilimpita Mzee Singano kwenye chemchemi, nimechoka, nikainama kunywa maji. Akaniita nyuma.

"Wewe kijana. Huko kwenu watu wanapitana kama mbuzi?"

Kijana, mimi niliye na mvi. Nilirudi, nikavua kofia, nikasema, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba. Umetoka wapi?" Nikamwambia Mbinga, upande wa Songea. "Ah, Mngoni." Nimeshachoka kumweleza kwamba sisi ni Wamatengo. Kwake yeye mtu yeyote wa kusini ni Mngoni. Jioni ile alimtuma mjukuu wake aniletee viazi.

Tangu hapo nilijua namna ya kuishi huku. Wasambaa hawachezi na salamu. Ukimpita mzee bila shikamoo, kesho hata maji hupewi. Ukisimama, ukageuza uso na mwili wote, ukasalimu vizuri, basi hata kama hujui Kisambaa unapewa kigoda. Mimi mgeni nisiye na ukoo huku, hiyo shikamoo ndiyo iliyonipa chumba, ikanipa mboga, ikanipatia mtu wa kunisemea kazini. Nikisikia sauti ya mzee popote, nageuka. Haikuwa hata akili yangu inayogeuka. Ni shingo.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya ukungu. Njia ya Mzee Singano kwenda kungojea lori la mboga inapita nyuma ya shimo la kokoto, na Koplo huwa anatundika kitambaa chekundu njiani watu wasipite. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, kitambaa hakikuonekana. Nikafyatua risasi moja. Ilinishtua, yaani nilipiga vizuri, na Koplo akatembea hatua chache mbele ili alione tundu. Nyuma yangu nikasikia, "Hamjambo huko?"

Nikageuka. Nikageuka mwili wote, na kichwa nimeinamisha kwa adabu, na bastola mkononi, na kidole kwenye triga. Katika kichwa changu ile bastola ilikuwa imekwisha, kama gobori la babu yako. Nilikuwa nimeshaipiga. Nikasema, "Shikamoo, Mz..." na ikalia.

Risasi iliingia ardhini karibu na mguu wake. Udongo ukamrukia kwenye kanzu. Kikapu cha kabichi kikaanguka na kabichi zikabingirika mpaka kwenye kitalu. Nilikuwa nimesimama kama kisiki. Koplo alinijia kwa nyuma, akanishika kifundo cha mkono, akauelekeza chini, akanivua bastola kidole kwa kidole. Nilisikia pumzi yake tu.

Mzee Singano alijitazama miguu. Akaitazama kanzu. Akasema, "Nimesalimiwa miaka mingi. Hii ndiyo shikamoo ya kwanza yenye moto."

Sikuweza kucheka. Niliinama kuokota kabichi, mikono ikakataa. Yule mzee ndiye aliyeziokota, nami nimekaa chini kwenye udongo nalia. Nakuambia hivyo hivyo ilivyokuwa.

Koplo aliniambia nirudi kwenye msumeno. Hakuwa na hasira. "Kulenga unajua," akasema. "Lakini siwezi kumpa silaha mtu anayegeuka nayo." Na mimi sikubishana, ningebishana na nini? Nikarudi kwenye vumbi siku ile ile.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Singano. Nilipiga hodi nikiwa nimesimama mbali na mlango, nikidhani watanifukuza. Akanikaribisha ndani, akanipa kigoda karibu na moto.

"Ulikuwa unafikiri nini?" akaniuliza.

"Sikufikiri, Mzee. Nilisikia sauti yako."

"Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Hapana, Mzee. Adabu nilikuja nayo. Wewe ulinikumbusha tu."

Akachokoa moto. "Na mimi nimefikiri," akasema. "Mtoto mchanga akiwa amelala mgongoni kwa mama yake, huyo mama hapigi magoti kunisalimia. Ananiambia shikamoo akiwa wima, na mimi siulizi. Kwa nini? Kwa sababu ana kitu kinachoweza kuanguka. Nawe ulikuwa na kitu kinachoweza kuanguka. Ungeninyamazia tu. Nisingekasirika."

"Ungekasirika, Mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kidogo," akasema. "Ningekasirika kidogo. Halafu ningekuwa mzima."

Kresensia, siku zilizofuata nilikuwa kwenye msumeno, na msumeno unapolia huwezi kuongea na mtu, unabaki na fikra zako. Nikakukumbuka wewe ukiwa mdogo, mwaka uliofuata Uhuru, pale mtoni kwetu, kwenye lile gogo la kuvukia. Ulikuwa na mtungi wako mdogo kichwani. Mimi nilikuwa ng'ambo nakata majani. Ulikuwa unavuka vizuri. Naona hata leo, ulikuwa umenyoosha mikono pembeni, macho mbele, hukuwa na wasiwasi wowote. Aliyekuwa na wasiwasi ni mimi. Nikakuona unaanguka kabla hujaanguka, nikaita, "Kresensia!" Nawe, kwa kuwa nilikuwa nimekufundisha kwamba baba akiita unageuka na kuitika, hapo hapo kwenye gogo ukageuka. Ukasema, "Abee, baba." Ndipo ukaanguka.

Kovu lililoko kidevuni mwako ni la siku ile. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ulikuwa hutazami njia. Ulikuwa unaitazama. Ni mimi niliyekuita. Mkono wangu uliruka kabla ya mlio, kama Koplo alivyoniambia, na wewe ukaanguka kwa adabu uliyofundishwa na mimi. Nilipolifikiri hilo nilizima msumeno, msimamizi akaja kuniuliza kama umeharibika.

Sijui ningekuambiaje jambo hili ana kwa ana. Nadhani nisingekuambia. Nyumbani ningekaa nikuangalie tu unavyofunga mizigo, niulize kama umebeba ndala.

Haya, niendelee. Mzee Singano alikwenda kwa Koplo Shemdoe mwenyewe. Mimi nilisikia baadaye. Alimwambia, "Yule Mngoni mpe tena. Mtu akishanikosa mara moja, hatarudia." Koplo akamjibu kwamba haitoshi kwake mzee kusamehe, anataka kuona shingo ya Otmari imebadilika. Wakapanga jambo lao.

Jana Jumamosi niliitwa shimoni. Mkuu wa kiwanda alikuwepo, amesimama mbali na mikono mfukoni. Koplo akanipa bastola na magazini iliyojaa. "Maliza zote," akasema. "Ukimaliza, unajua la kufanya."

Nikainua. Nilikuwa nimelenga, kidole kimeanza kuvuta, nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua.

"Otmari."

Shingo ilitaka kwenda. Nakuapia, niliisikia inavuta kama ng'ombe anayevuta kamba. Nikabaki natazama duara. Nikavuta. Ikalia.

"Otmari, leo hunioni?"

Nikafyatua ya pili.

"Siku hizi mtu akipewa bastola, wazee hawasalimii tena? Mazinde imekurudia?"

Hiyo iliniuma. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Nilijua ni mtego, lakini kujua kichwani hakukunisaidia chochote. Mwili wote ulikuwa unaniambia kwamba nina dharau, kwamba jioni hii nitanyimwa kigoda. Nikaendelea, moja moja, polepole. Akaendelea na yeye, akataja kusini yote, akasema Wangoni ni hodari wa kulenga kabichi. Nikasikia mkuu wa kiwanda anacheka. Ya mwisho ilipolia, chuma kikabaki nyuma. Nikatoa magazini, nikaiweka juu ya ubao. Nikaichungulia bastola pale risasi inapokaa, nikaingiza kidole kuhakikisha hakuna kitu. Nikailaza, mdomo wake ukitazama ukuta. Nikarudi nyuma hatua moja, mikono yangu mitupu.

Ndipo nikageuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akasema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, na kofia yake ya sherehe kichwani, nadhani aliivaa kwa ajili ya jambo hili. "Ile ya siku ile sikuijibu. Nayo marahaba."

Koplo alikwenda kuhesabu matundu kwenye banzi, akarudi, akamwambia mkuu, "Huyu naweza kulala akiwa analinda." Hakuniambia mimi. Lakini alinipa ile bastola niisafishe, na kabla ya hapo alikuwa anaisafisha yeye siku zote.

Kwa hiyo kazi nimepata. Kesho naanza, siku hiyo hiyo unayoondoka wewe. Kifua changu kitapumzika. Usimwambie mama yako habari ya Mzee Singano mpaka mimi mwenyewe nifike. Nikimweleza nikiwa mbele yake ataona kwamba hakuna aliyekufa.

Wewe huko utapewa bunduki ndefu, si kama hii yangu, na mwalimu wako atakuwa na njia zake. Mfuate. Sina la kumzidi. Ila yeye hakujui wewe. Hajui kwamba wewe ni mtoto unayegeuka ukiitwa. Anayejua ni mimi, kwa sababu ndiye niliyekufanya hivyo, na nilikuwa najivunia. Watu walikuwa wakipita kwetu wanasema, yule binti ana adabu. Bado najivunia. Lakini ukiwa umelala pale chini na bunduki begani, mtu akakuita kwa nyuma, awe rafiki yako, awe mkubwa, awe anakutania, awe amekasirika, mwache aite. Nakuruhusu usiitike. Hata kama ni mimi nimekuja kukutembelea na kwa ujinga wangu nimekuita kabla ya wakati. Maliza, weka chini, inuka. Nitakuwa bado niko pale.

Na kuhusu ule woga uliosema unao kidogo, sijui nikuambie nini. Mimi nilikuwa nao mwingi na haukuisha. Nilijifunza tu kuvuta polepole nao ukiwepo. Pengine wewe utauzoea haraka kuliko mimi, maana hata kwenye gogo lile wewe hukuwa unaogopa.

Zuberi ananiita ugali umeiva. Anakusalimu, anasema ukiwa mkubwa wa jeshi umkumbuke kwa cheo cha mpishi. Nimemwambia vitunguu vyake havifai hata kwa wafungwa. Mstari siuoni tena vizuri.

Mkuu amekubali likizo yangu ianze mwanzoni mwa Desemba, mara mlinzi wa zamu nyingine atakapokuwa amefundishwa. Nitashuka na lori la mbao hadi Mombo, kutoka hapo mabasi mpaka Songea, halafu Mbinga kwa lori lolote nitakalopata. Natarajia kuwa nyumbani kabla ya Noeli, na kama kambini watakupa ruhusa siku hizo, tutakutana. Mama yako ameniandikia kwamba tangu mhamie kijiji kipya nyumba zote zimepangwa mistari na zinafanana, na kwamba yetu haina alama yoyote ila mlango wake umeelekea kwenye ghala. Sijawahi kuiona. Nitashukia hapo kwenye ghala na sanduku langu, nitamsalimu mtu wa kwanza nitakayemkuta, na nitamwuliza anionyeshe nyumba ya Mama Kresensia.

Baba yako,
Otmari